Mmarekani aliyepita Mara akaandika, na riwaya zinazoisubiri kalamu Buhemba

Mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kufika Afrika Mashariki, Mmarekani mwenye umri wa miaka 40 alivuka kwa miguu kutoka upande wa Waingereza akaingia upande wa Wajerumani. Aliandamana na mwindaji mashuhuri, R. J. Cuninghame, na msururu wa wapagazi. Walitembea siku nyingi katika nchi kavu iliyoungua, hadi wakafika kwenye mito yenye miti mibichi na wanyama wasiohesabika. Sehemu hiyo leo ni kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, upande wa Bologonja na mto Mara, ndani ya mkoa wetu wa Mara.

Mtu huyo aliitwa Stewart Edward White. Kwao alikuwa mmoja wa waandishi wa riwaya pendwa waliosomwa sana katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Miaka miwili baada ya safari ile alichapisha kitabu, The Rediscovered Country, akiwatangazia Wamarekani kwamba amekuta pori la wanyama ambalo bunduki za wawindaji wa kizungu zilikuwa bado hazijalifikia. Wasomaji wake wakaanza kuota kuja. Baadhi yao wakaja kweli.

Watu wa Buhemba, Butiama, Bunda na Musoma wana sababu ya kuijua kazi ya mwandishi huyu. Alikula jasho lake, na katika hilo kuna mengi ya kujifunza. Lakini sifa yake nyingine ilijengwa juu ya ardhi yenye wenyewe, wenye majina yao na habari zao, na hao hawakupata nafasi katika kurasa zake.

Kutoka kambi ya magogo hadi dukani

White alizaliwa tarehe 12 Machi 1873 mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, katika nchi ya misitu na biashara ya mbao. Alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1895. Vijana wenzake waliosoma walitafuta viti vya ofisini, yeye akaenda Black Hills kulikokuwa na dhahabu. Alitoka huko mikono mitupu. Akafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama kwa dola 6 kwa wiki, kisha akaelekea kaskazini, nchi ya baridi na wafanyabiashara wa ngozi kando ya Hudson Bay.

Aliporudi darasani, safari hii katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwalimu wake Brander Matthews alisoma hadithi fupi aliyoiandika kama kazi ya darasa akamwambia aipeleke kwa mchapishaji. Jarida likainunua kwa dola 15. Baadaye riwaya yake The Westerners ilinunuliwa kwa dola 500 ili itolewe gazetini kwa mfululizo. Mwaka 1901 aliitoa pia The Claim Jumpers, riwaya iliyotokana na zile siku za Black Hills alizotoka bila hata punje. Dhahabu aliyoikosa ardhini aliipata kwenye karatasi.

Kitabu kilichomtoa hasa ni The Blazed Trail cha mwaka 1902, kinachohusu wakata magogo. Alikiandika akiwa ndani ya kambi ya wakata magogo, katikati ya majira ya baridi. Alikuwa akiamka saa 10 alfajiri na kuandika hadi saa 2 asubuhi, halafu anafunga viatu vya theluji na kwenda kazini porini. Hakungoja apate chumba chenye utulivu wala mfadhili. Saa nne kwa siku, kila siku, mpaka kitabu kikaisha. Wahenga walisema mgagaa na upwa hali wali mkavu, na yeye aligaagaa kwelikweli.

Tena alikuwa mjuzi wa biashara ya hadithi. Riwaya yake Conjuror's House ya mwaka 1903, iliyotoka katika ile safari ya Hudson Bay, ilifanywa mchezo wa jukwaani kwa jina The Call of the North. Mwaka 1914 ikawa filamu chini ya Cecil B. DeMille, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia katika kazi ya filamu, na mwaka 1921 ikatengenezwa upya. Mbegu moja ikavunwa mara nne: kitabu, jukwaa, filamu na filamu tena. Wengine ndio walioandika miswada ya filamu. Yeye aliwapa hadithi yenye mifupa, inayosimama popote inapopelekwa.

Orodha ya kazi zake zilizofika kwenye skrini ni ndefu. The Westerners ilitoka mwaka 1919, The Killer mwaka 1921 na The Gray Dawn mwaka 1922. Filamu ziliposhika sauti, ikaja Under a Texas Moon mwaka 1930 chini ya Michael Curtiz, halafu Wild Geese Calling mwaka 1941, akicheza Henry Fonda. Hata baada ya kifo chake, hadithi zake za kijana Andy Burnett zilifanywa tamthilia ya televisheni na kampuni ya Disney mwaka 1957.

Memba Sasa na Bibi-ya-chui

Afrika aliijia kwanza mwaka 1910. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuwa ametoka kuwinda Afrika Mashariki, na White alikuwa rafiki yake. Roosevelt alimsifu kwamba hapakuwa na mtu aliyempita kwa shabaha kati ya wote waliopiga bunduki katika uwanja wake wa Sagamore Hill. White alikuja na mkewe, Elizabeth, aliyeitwa Betty. Safari hiyo ilizaa The Land of Footprints mwaka 1912 na African Camp Fires mwaka 1913.

Katika vitabu hivyo yumo Mwafrika mmoja ambaye White alimwandikia kwa heshima: Memba Sasa, mbeba bunduki wake. Kazi yake haikuwa ya kubeba tu. Simba anapotoka kichakani akishambulia, bwana anafyatua risasi ya kwanza, na mbeba bunduki anatakiwa awe amesimama begani kwake na bunduki ya pili iliyojazwa, bila kutetemeka na bila kurudi nyuma hatua moja. Akikimbia, wote wawili wamekwisha. Memba Sasa alikuwa na macho ya kuona mnyama kabla ya darubini ya mgeni, akili ya kusoma unyayo, na ukimya wa mtu anayejua thamani yake. White aliyaona hayo, akayaandika.

Lakini Memba Sasa alitoka wapi? Alikuwa na watoto? Alimwonaje huyu Mmarekani aliyevuka bahari kuja kuua mnyama asiyemhitaji kwa kitoweo? Kitabu kizima kimeandikwa kutoka upande mmoja wa bunduki.

Mwaka 1916 White alitoa riwaya ya The Leopard Woman, yenye mandhari ya huku kwetu wakati vita vinakaribia. Shujaa wake ni Mzungu aliyepewa na wapagazi jina la Kingozi. Mnyapara wake anaitwa Cazi Moto. Mwanamke wa fumbo anayekutana naye njiani wanamwita Bibi-ya-chui. Yumo pia mfalme wa Kiafrika, M'tela, mwenye askari wengi, ambaye mataifa ya Ulaya yanashindana kumvuta upande wao. Msomaji wa Kiswahili anayefungua kitabu hicho hujikuta yuko nyumbani kwa majina tu. Watu wa M'tela wanapigania nini, wanacheka nini, wanaogopa nini, hayo hayamo. Mfalme mwenyewe ni zawadi inayogombewa na wageni.

Mwaka 1920 riwaya hiyo ikawa filamu bubu iliyoongozwa na Wesley Ruggles, akicheza Louise Glaum. Hivyo ndivyo watazamaji wa Marekani walivyoiona Afrika Mashariki, wakiwa wamekaa gizani na tiketi mkononi.

Nchi haikuwa tupu

Turudi kwenye safari ya mwaka 1913. White aliamini ameingia nchi isiyojulikana, na kwa ramani aliyoichora alikubaliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza. Nchi hiyo haikuwa ngeni kwa wenyewe. Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme waliwinda katika mbuga hizo vizazi kwa vizazi. Wamasai na Watatoga walichunga humo. Hata kwa Wazungu haikuwa mpya: Oscar Baumann wa Austria alipita Serengeti mwaka 1892, na Wajerumani walikuwa na ngome Ikoma.

Kama White alitembea siku nyingi bila kukuta vijiji, ipo sababu, na ni sababu ya majonzi. Kuanzia mwaka 1890 hivi, sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki yote. Wafugaji wakabaki na fimbo mikononi. Nyuma ya sotoka zikaja ndui na njaa. Wazee wa Serengeti ya magharibi wamesimulia habari za Njaa ya Miguu, wakati watu walipotembea mbali hadi Usukuma kutafuta chakula, na si wote waliorudi. Mashamba yakageuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakawazuia watu na mifugo kurudi. Upweke ambao mgeni aliusifu kuwa pepo ya mwanzo wa dunia ulikuwa kwa sehemu kubwa makovu ya msiba wa miaka 20 tu nyuma.

Mwandishi hodari kama White, aliyejua kukaa na wakata magogo hadi akaijua lugha yao, angeweza kuuliza. Angepata riwaya kubwa kuliko zote alizoandika. Kwao alikaa na watu ndipo akaandika. Huku alipita njia.

Upinde wa mgeni na upinde wa mwenyeji

Mwaka 1925 White alirudi Tanganyika, safari hii akiwa na Saxton Pope na Arthur Young, Wamarekani waliotaka kuonyesha kwamba simba anaweza kuuawa kwa upinde na mshale. Mwaka uliofuata vilitoka vitabu viwili juu ya safari hiyo, Lions in the Path cha White na The Adventurous Bowmen cha Pope. Huko kwao walipokelewa kama mashujaa.

Wawindaji wa Ikoma na Nata walikuwa wakitumia upinde na mshale wa sumu tangu enzi za mababu, kwa kitoweo na kwa kulinda mazao. Hakuna jarida lililowalipa dola 15. Sheria za wanyamapori zikaja zikikaza kamba mwaka hadi mwaka, na Serengeti ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwenyeji mwenye upinde akawa jangili, akakimbizwa na kufungwa. Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael wakatengeneza filamu ya kuitetea Serengeti, ambayo ilipata tuzo ya Oscar. Michael mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 akiwa kazini. Walikuwa na nia njema, na wanyama tulio nao leo tunawahesabu kuwa matunda ya kazi yao. Hata hivyo, hadithi iliyoushawishi ulimwengu ilikuwa ya wanyama na Wazungu wawili wenye ndege. Babu wa kijiji cha Robanda au wa Nata hakuulizwa.

Hayo ndiyo matokeo ya kuandikwa na mtu mwingine. Yanagusa sheria, mipaka, fidia na heshima. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na historia nayo ni mali.

Riwaya iliyolala Buhemba

Sasa tazama Buhemba. White aliandika juu ya dhahabu zaidi ya mara moja, katika The Claim Jumpers na katika Gold ya mwaka 1913, inayohusu mkumbo wa wachimbaji wa California. Buhemba ina dhahabu yake. Ilichimbwa tangu enzi za mkoloni, mgodi ukafungwa, ukafunguliwa tena miaka ya 2000, ukafungwa tena, na wachimbaji wadogo wakabaki.

Nenda asubuhi mwaloni, mahali dhahabu inapooshwa. Mawe yaliyopandishwa kutoka duarani, yaani shimoni, yamesagwa kwenye karasha hadi yakawa vumbi, na vumbi hilo sasa linatiririshwa na maji juu ya ubao ulioinamishwa, uliotandikwa magunia. Mchanga mwepesi unakwenda na maji, dhahabu kwa uzito wake inanasa katika nyuzi. Magunia yanakung'utwa katika karai. Zebaki inamiminwa, mkono mtupu unakoroga mpaka chembe zote zishikane. Kisha tope hilo la rangi ya fedha linawekwa katika kitambaa na kukamuliwa, zebaki inachuruzika, na kinabaki kidonge cha kijivu kisichozidi punje ya hindi. Kinawekwa kwenye makaa. Moshi wake hauonekani, lakini ni sumu, na aliyeinama juu yake mara nyingi ana mtoto nyumbani anayesubiri ada. Kidonge kinageuka njano. Wote waliokaa kimya kukizunguka wanaanza kusema kwa pamoja, maana sasa ni wakati wa mgawo: mwenye duara, mwenye karasha, waliochimba, mama wa chakula aliyekopesha wali wiki nzima.

Katika duara hilo moja la watu kuna tamaa, imani, deni, urafiki, hofu ya kufukiwa na matumaini ya kutajirika kabla ya jua kuzama. White alihitaji kusafiri hadi Black Hills kuyapata hayo. Kijana wa Buhemba anayaona akienda shule.

Na si dhahabu tu. Waikizu, majirani wa Buhemba, wana simulizi ya Nyakinywa, mwanamke mwenye elimu ya mvua aliyetoka Kanadi, Usukuma, akamkuta mwindaji Isamongo pangoni, na kutokana na kukutana kwao ukaanza utemi wa mvua. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu wanazozitunza kama dhamana ya kabila lao. Butiama, hapo jirani, ilimtoa Julius Nyerere, ambaye mwaka 1963, akiwa na mzigo wa nchi changa kichwani, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar. Aliyeongoza taifa alipata muda wa kuandika. Sisi tunasema hatuna muda.

Kuna waliokwisha kuanza. P. M. Mturi na S. Sasora waliandika Historia ya Ikizu na Sizaki, wakikusanya simulizi za wazee wao. Kazi yao na za wenyeji wengine wa Mara Kusini zilichapishwa mwaka 2003 huko Leiden, Uholanzi, kwa juhudi za mwanahistoria Jan Bender Shetler. Ni hazina kubwa, na inasikitisha kwamba ni rahisi zaidi kuipata katika maktaba za Ulaya kuliko katika shule za kata zetu.

Njia ipo

Asiniambie mtu kwamba riwaya pendwa si ya kwetu. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatuletea mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango, aliyesomwa mpaka kurasa zikachanika. Baadaye filamu za video zilipoenea, waandishi kama Hammie Rajab na Sultan Tamba walitoka kwenye riwaya wakaingia kwenye filamu. Walifanya alichofanya White: hadithi ya kusisimua, lugha nyepesi, bei ya mtu wa kawaida, kisha skrini.

Wengi wa mashujaa wao, hata hivyo, walihangaika Dar es Salaam na katika miji mikubwa. Mchimbaji wa Buhemba, mvuvi wa Majita na mwindaji wa Nata bado hawajapata riwaya zao.

White aliandika hadi uzeeni. Alipofiwa na Betty mwaka 1939 alizidi kuzama katika vitabu vya mambo ya roho, na mwaka 1940 akatoa The Unobstructed Universe, akiamini kwamba mkewe bado anazungumza naye. Alifariki tarehe 18 Septemba 1946 huko Hillsborough, California. Simlaumu kwa kuandika alichokiona. Alifanya kazi yake kwa bidii, na bila kitabu chake tungejua kidogo zaidi kuhusu nchi ile ilivyokuwa mwaka 1913. Kasoro ya habari zake ni kwamba hazikujibiwa, na kujibu ni wajibu wetu.

Basi nina ombi kwa makundi matatu. Halmashauri za Butiama, Bunda na Musoma zinunue walau nakala chache za historia zilizoandikwa na wenyeji na kuziweka katika maktaba za shule za sekondari. Walimu wa Kiswahili, mnapotoa insha, wapelekeni wanafunzi kwa babu na bibi zao, waandike habari ya duara la kwanza, ya njaa, ya uwindaji, ya mvua, kwa majina na mahali. Na wewe kijana wa Buhemba unayeandika kwenye simu usiku baada ya kazi: mwenzako aliamka saa 10 alfajiri katika kambi ya magogo akamaliza kitabu. Chagua saa yako, uishike, na uandike unachokijua. Hakuna mtu mwingine duniani anayekijua kama wewe.